Tumbaku ya Noko Hadi Nairobi

Tangu nirudi sijapiga randa hata ubao mmoja kwa utulivu. Kila anayepita mbele ya karakana yangu anasimama, anaegemea mlango ambao vanishi yake bado haijakauka, na kuuliza: "Papa Shabani, ilikuwa aje? Tumbaku ilifika?" Nimesimulia mpaka koo limekauka, na kila ninaposimulia kuna mwingine anaongeza lake, hata nimesikia huko sokoni Mangobo kwamba nilifungwa pingu. Sikufungwa pingu. Basi naandika mara moja tu, kwa ajili yenu mlioniuliza kwa nia njema, na wale wa pingu nao wasome.

Habari za pasipoti, chanjo na tiketi naziruka. Aliyezipitia anazijua, na ambaye hajazipitia nisimtie hofu bure.

Kwa wasiojua chanzo: mwanangu Idi anataka kumwoa Bea. Sisi ni Waislamu wa hapa mjini Kisangani, mafundi tangu babu na babu. Watu wa Bea ni Wakristo wa mtoni, upande wa Isangi. Wazazi wake walifariki akiwa mdogo, akalelewa na kaka wa mama yake, Tonton Faustin, ambaye sote tunamwita noko, kama mjomba anavyoitwa hapa kwetu. Noko huyu yuko Nairobi miaka mingi. Sasa, katika ukoo wao, baba wa mvulana humpelekea noko furushi la tumbaku alilolifunga kwa fundo lake mwenyewe. Noko hulifungua kwa mkono wake, kisha husema neno. Akisema ndiyo, kuna ndoa. Fundo likifunguliwa njiani na mtu asiyehusika, shauri limepoa, na halirudiwi mpaka tumbaku nyingine ipandwe, ikomae, ikauke. Bea alituambia wazi, bila kupandisha sauti, kwamba bila neno la noko yeye haolewi. Idi akaanza kukonda, na mke wangu akanigeukia.

"Alors, baba njo wewe," akasema. "Enda."

Mangobo hadi uwanjani

Tumbaku yenyewe niliipata kwa mfanyabiashara wa mtoni aliyeileta kutoka Yahuma, majani mapana, meusi kwa ukavu, yenye harufu ya kukufanya ufumbe macho. Mimi sivuti. Lakini ukiniwekea kitu kizuri mbele yangu nakitambua, na ile ilikuwa tumbaku ya kupewa mkubwa.

Sikujua kwamba Mangobo nzima ni wataalamu wa ndege. Mmoja, ambaye kwa hakika alipanda ndege mara moja tu kwenda Goma, aliniambia tumbaku hairuhusiwi mkononi, lazima iende kwenye sanduku, tumboni mwa ndege. Mwingine akasema la, tumboni ndiko hairuhusiwi, lazima uishike mapajani ili waione. Wa tatu akanishauri niifunge kwenye kitenge pamoja na samaki mkavu ili mbwa wa uwanja wachanganyikiwe. Nilimuuliza kwa nini nifiche kitu ambacho si haramu. Akasema: "Papa, kule juu kila kitu iko haramu mpaka waseme."

Nikaenda mwenyewe kuuliza ofisini kwa watu wa ndege. Mama aliyekuwa pale alinijibu kwa subira. Majani ya tumbaku yanaruhusiwa, mkononi au sandukuni, nichague. Kiasi ndicho cha kuangalia, na kiasi kinawekwa na nchi ninayoingia, si na ndege; nikifika niitangaze forodhani. Nilishukuru, nikatoka kifua mbele. Juu ya moto sikumuuliza, kwa kuwa siku ile hakuna aliyekuwa amefikiria moto.

Pikipiki ilinibeba asubuhi hadi uwanja wa ndege wa Bangboka, sanduku likiwa mbele ya dereva na mimi nyuma nimekumbatia furushi. Halikuwa limefungwa bado. Lilikuwa limezungushiwa tu yale majani mapana tunayofungia chikwangue, mkate wetu wa muhogo. Fundo lenyewe, kwa desturi yao, hufungwa kwenye mlango wa mwisho kabla ya kuvuka mpaka, nami mlango wangu wa mwisho ulikuwa Kinshasa.

Ndege haikuja siku ile. Tulikaa kwenye viti mpaka jua likahama upande, tukaambiwa turudi kesho. Nilirudi Mangobo nikiwa nimeshaagwa na kila mtu, na hakuna aibu kama kurudi siku hiyohiyo ulipoagwa kwa machozi. Mke wangu alinipakulia makemba, zile ndizi za kupika, na samaki bila kuuliza kitu.

Kisangani hadi Kinshasa

Nimefanya kazi ya mbao maisha yangu yote. Afrormosia, iroko, liboyo, naweza kuzitaja kwa harufu nikiwa nimefumba macho. Lakini nilikuwa nikiziona zikija kwangu ubao kwa ubao, zimekwisha pasuliwa. Ndege iliponyanyuka na kuinama upande wangu, niliona zinakotoka.

Sijui niliandikeje. Msitu haukuwa na ukingo. Nilitafuta mwisho wake huku, nikautafuta kule, macho yakachoka kabla ya miti kuisha. Mto wetu, ambao nikiwa kwenye mtumbwi huniogopesha kwa upana, ulikuwa umelala katikati ya kijani, unajikunja na kugawanyika visiwa visiwa, na hapakuwa na sauti yoyote. Nikasema Allahu akbar kwa sauti bila kukusudia. Mwanamke aliyeketi kando yangu, mwenye msalaba shingoni, akasema amina. Hatukucheka. Tulikaa tukitazama wote wawili kwenye kidirisha kimoja.

Kisha nikaona madoa mekundu mahali miti ilipokatwa, na barabara nyembamba za magogo. Hapo nilinyamaza kwa namna nyingine, maana baadhi ya milango niliyoitengeneza ilitoka kwenye madoa hayo.

Walileta mkate na juisi. Nilikula kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa juu ya furushi.

Kinshasa, mlango wa mwisho

Nilifikia kwa binamu yangu Asani, anayeuza vipuri vya magari. Nyumba yake imejaa watoto na redio, na mke wake alipika pondu, yale majani ya muhogo ambayo sisi twayaita sombe, na samaki wa kuchoma, akanijazia sahani mpaka nikaomba msamaha. Ndege ya Nairobi ilikuwa imesogezwa mbele, kwa hiyo nilikaa pale nikila na kungoja, na kila jioni Asani aliniuliza kama tumbaku ile haiwezi kupungua kidogo bila mtu kujua. Nilihamisha furushi na kuliweka chini ya mto wangu.

Siku ya kuondoka, asubuhi, nilikaa kizingitini nikiwa na kekele, ule mtambaa wa msituni tunaofungia kila kitu. Nilikuwa nimekwisha kuulowesha. Hapo simu ikalia. Alikuwa noko, kutoka Nairobi. Sauti yake ni nzito na hasemi maneno mengi.

"Fundi, umetia moto ndani?"

"Moto gani, noko?"

"Tumbaku bila moto iko majani tu. Weka alimeti katikati, njo ufunge. Ukinileteya bila moto, mi nasema hapana hapohapo."

Nikamtuma mke wa Asani dukani, akaja na kiberiti kimoja kipya. Nilikizika katikati ya majani, nikazungusha kekele, nikafunga fundo langu la fundi seremala, lile ambalo likikauka hata mimi mwenyewe nahitaji kisu. Nililitazama nikaridhika nalo kabisa. Kisha nikaliweka sandukuni, chini ya kanzu, ili lisiguswe na mtu.

Kwenye meza ya ukaguzi

Sanduku lilikuwa limekwisha kwenda na mkanda wa mizigo, nami nimekaa naangalia ndege kupitia kioo, niliposikia jina langu likitoka darini. Lilitajwa mara ya pili. Watu wakageuka kunitafuta, na mimi pia nikageuka kujitafuta.

Walinipeleka kwenye meza ndefu ya bati. Sanduku langu lilikuwa juu yake. Ofisa mmoja mwenye glavu, mtu wa mashariki kwa lafudhi yake, aliniita nisogee nitazame kioo cha mashine. Nikasogea, nikasahau kuogopa. Ndugu zangu, niliona ndani ya sanduku langu bila sanduku kufunguliwa. Niliona viatu vyangu na misumari ya soli zake. Niliona tasbihi, punje kwa punje. Nikaona furushi, na ndani ya furushi, katikati, kiboksi kidogo na njiti zake zimelala sambamba. Kitu nilichokificha kwa mikono yangu na kukifunga kwa fundo kilikuwa pale, kimya, kinang'aa rangi ya chungwa.

"Papa, hii iko nini?" aliuliza ofisa, akigusa kioo.

"Iko moto ya noko."

Aliniangalia. Nikamweleza yote, kutoka Idi mpaka Isangi. Alinisikiliza mpaka mwisho, na namshukuru kwa hilo. Kisha akanieleza lake. Tumbaku haina shida. Kiberiti hakiendi tumboni mwa ndege, kwa sababu njiti zinaweza kusuguana na kuwaka mahali ambapo hakuna mtu wa kuona wala kuzima. Abiria anaruhusiwa kiboksi kimoja kidogo, akiwa nacho mwilini. Si kwenye sanduku wala kwenye mfuko wa mkononi. Mwilini.

"Donc fungua, toa, weka ku mufuko ya shati," akasema. "Ni dakika moja."

"Siwezi kufungua. Nikifungua mimi, ndoa imekufa."

"Nifungue mimi?"

"Wewe njo kabisa hapana," nikasema.

"Tena umekwisha kuona iko nini ndani," nikaongeza. "Mashine yako imefungua bila kufungua. Sasa mbona unataka tena?"

Alicheka kidogo, si kwa dharau. "Papa, coutume, desturi yenu, naiheshimu. Mais ile moto haitaenda chini. Kama hufungui, furushi inabaki hapa na wewe unaenda. Ao munabaki wote mbili."

Nilishika ukingo wa meza. Nilimwona Idi mbele yangu, alivyosimama uani siku niliyoondoka, akijifanya anatengeneza baiskeli ambayo haikuwa mbovu. Kuiacha tumbaku ilikuwa kumfikia noko mikono mitupu. Kukata fundo ilikuwa kumdanganya. Kubaki ilikuwa tiketi kupotea, na tiketi ile ilitokana na ukoo mzima kuchanga. Nilihisi machozi, na siandiki hili ili mnihurumie, yalikuwapo.

Hapo nikakumbuka jambo moja. Bea aliwahi kutueleza kwamba kwao noko si mtu mmoja. Kila aliyetoka upande wa mama yake, akiwa amemzidi umri, ni noko wake. Nikageukia ukumbi uliojaa watu, nikapaza sauti kama mwadhini, kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Lingala: kuna mtu yeyote hapa wa mtoni, wa upande wa Isangi?

Watu walicheka. Mmoja akauliza kama nauza samaki. Kisha nikaona mwanamke anakuja akivuta kimfuko cha magurudumu, mnene, miwani imepandishwa juu ya wigi, simu mkononi. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka mingi.

"Nani anatafuta watu ya Isangi?"

Aliitwa Mama Vero, mfanyabiashara wa vitenge, anakwenda Nairobi kununua bidhaa kwa ndege ileile yangu. Nilimweleza tena. Alinikatiza katikati na kuanza kuuliza yeye: mama yake Bea aliitwa nani, alizaliwa kijiji gani, na mama yake huyo mama je? Majibu nilikuwa nayo, kwa kuwa watu wa Bea walitukalisha siku nzima wakitutajia ukoo wao. Nilitaja jina la kwanza, la pili. La tatu lilipotoka, Mama Vero aliweka simu yake mfukoni.

"Yee na mama ya mama yangu walikuwa ya nyumba moja," akasema. "Basi ile mutoto iko wetu. Mi niko noko."

"Lakini wewe ni mwanamke," nilisema, na nilijuta papo hapo.

"Noko iko damu, papa, haiko suruali. Inama."

Nikainama. Mtu mzima, ndevu nyeupe, mbele ya abiria wote, niliinama mbele ya mwanamke mwenye umri wa binti yangu wa kwanza, nikamwita noko. Ofisa alitazama saa yake, akaangalia mlangoni, halafu akavua glavu na kukunja mikono, kama mtu aliyeamua kungoja.

Mama Vero hakugusa furushi. Aliniuliza kwanza.

"Mutoto wako, Bea akigonjwa, atamupikia?"

"Anajua kupika wali na maharagi," nikasema. "Sombe haijui vizuri."

"Siku Bea atakasirika arudi kwao, nani atakuja kumurudisha? Mutatuma batoto?"

"Nitakuja mimi. Na nikifa, mama yake atakuja."

"Na dini? Kuna mutu kwenu atamwambia abadilishe?"

Wapo kwetu watakaotaka kumwambia. Nikasema kweli: "Wako. Nitabafungia kinywa. Mimi njo mwenye nyumba."

Foleni nyuma yetu ilikuwa imetulia, hata wale waliokuwa wakicheka walikuwa wamenyoosha shingo kusikiliza. Ndipo alipoliinua furushi, akalizungusha, akatafuta ncha ya kekele. Hakuvuta wala hakuomba kisu. Alilowesha vidole kwa mate, akaisugua ile ncha mpaka ikalegea, akairudisha kwenye njia niliyoipitisha, zamu kwa zamu, na fundo langu ambalo nilidhani ni la kisu lilifunguka bila uzi kukatika. Harufu ya tumbaku ya Yahuma ilitanda juu ya ile meza ya bati. Nilimsikia ofisa akivuta pumzi.

Alitoa kiberiti, akakitia mwenyewe kwenye mfuko wa shati langu, upande wa moyo. Ofisa akatikisa kichwa kukubali. Kisha, sikutarajia hili, Mama Vero akagawa tumbaku nusu kwa nusu na kuitia nusu moja kwenye mfuko wake.

"Ile iko nini?" niliuliza.

"Sehemu ya mwenye kufungua. Hawakukwambia?"

Hawakuniambia. Nilikasirika, tena sana, lakini mtu haombi msaada kisha akaanza kupima. Alifunga nusu iliyobaki kwa fundo la kwao, la watu wa nyavu, dogo na bapa, ambalo hata sasa sijaweza kuliiga. "Mi nimekubali," akasema. "Mwambie Faustin mi nimekubali. Yake atasema yeye."

Sanduku likaondoka. Nilipanda ndege nikiwa na moto kifuani, kihalali kabisa, na kila mara mkono wangu uliugusa. Sijawahi kuogopa kitu kidogo namna ile.

Nairobi, kwenye mizani

Tuliruka juu ya mawingu meupe muda mrefu, na yalipofunguka msitu ulikuwa umeisha. Ardhi ilikuwa wazi, ya kahawia, unaona mpaka mbali. Nilijisikia kama mtu aliyetolewa paa la nyumba, nikafunga koti.

Mama Vero alipita mbele yangu na kutangaza tumbaku yake, akaruhusiwa, akanipungia mkono na kupotea kwenye umati. Nami nilikwenda upande wa wenye kitu cha kutangaza, kama yule mama wa ofisini alivyonifundisha. Ofisa wa forodha alikuwa mwanamke mpole.

"Mzee, umebeba nini?"

"Tumbaku, mama. Iko ya noko."

"Ni ya biashara?"

"Hapana. Iko ya ndoa."

Alirudia neno hilo, ndoa, akamwita mwenzake aje asikie. Kiswahili chao ni kilekile chetu lakini kimepigwa pasi. Waliliweka furushi kwenye mizani. Namba ikapanda, ikasita, ikatulia.

"Umepona, mzee," akasema. "Mtu mmoja anaruhusiwa gramu mia mbili na hamsini bila ushuru. Wewe uko chini kidogo. Kama ingezidi, ungelipia, ama tungebaki nayo."

Nilisimama nikitazama mizani ile. Kama Mama Vero asingechukua nusu yake, ningekuwa juu, tena kwa mbali, na mfukoni sikuwa na cha kulipa. Nilikuwa nimemnunia kuanzia Kinshasa mpaka pale. Nilimtafuta kwa macho nimwombe radhi, lakini alikuwa amekwisha kwenda kutafuta vitenge vyake.

Kwa noko

Dereva wa teksi alinishusha kwenye jengo refu la vyumba vingi, na nilipanda ngazi nikipumzika kila kona. Nilikuwa nimejiandaa kukutana na jitu, kwa ile sauti. Mlango ulifunguliwa na mtu mwembamba, uso umevimba chini ya macho, mkono wa kushoto umefungwa bendeji juu ya kiwiko. Nyumbani hatukuwa na habari. Figo zake zimekufa. Damu yake husafishwa kwa mashine hospitalini, siku hii ndiyo, siku ile hapana, na hawezi kukaa mbali na mashine hiyo. Bea hakuwahi kuambiwa.

Alinipa chai ya maziwa na ugali wa jana uliopashwa moto, akaniomba radhi kwa kukosa samaki. Tulikula. Kisha nikaliweka furushi mezani kwa mikono miwili, na kando yake kiberiti.

Aliliona fundo kabla hata sijarudisha mikono. "Hii haiko fundo ya fundi."

Nilimweleza yote bila kuruka kitu: mashine, meza ya bati, kelele zangu, Mama Vero, nusu iliyokwenda. Nilipomaliza nilikuwa na jasho. Alikuwa akikitazama kiberiti. Niliangalia chumba chote, sikuona kiko wala sigara, hapakuwa na jivu popote, na nikauliza swali lililokuwa linaniwasha.

"Noko, wewe unavuta?"

"Docta alikataza. Iko miaka."

"Basi moto ilikuwa ya nini?"

Alikigeuza kiberiti kwa vidole. Kisha akaniambia kwamba kabla ya ugonjwa alikuwa mpakiaji wa mizigo uwanja wa ndege. Miaka yote ile aliingiza masanduku tumboni mwa ndege. Kila kinachokatazwa anakijua.

"Nilijua watakamata," akasema. "Njo maana niliomba. Watakamata, fundo itafunguliwa na polisi, maneno itapoa. Hakuna mutu atasema Faustin alikataa. Bea hatanichukia."

Nilishindwa kumkasirikia. Nilijaribu, mjue. Nilikumbuka meza ile na machozi yangu, nikajaribu, lakini mbele yangu alikuwa mtu mgonjwa aliyevuta furushi karibu na uso wake na kulinusa akiwa amefumba macho. Nilistaajabu jinsi mtu mmoja angeweza kujua sheria zote hizo na kuzipanga kama mtego, na bado mwanamke mwenye wigi akapita katikati yake kwa vidole vilivyoloweshwa mate.

"Sasa noko, awe mukubwa ao mudogo, amekwisha kukubali," akasema. "Mi siwezi kurudisha nyuma. Alikuuliza nini?"

Nikamtajia maswali matatu, na majibu yangu. Alitikisa kichwa kwa kila moja, hata lile la sombe.

"Mazuri. Yote ningeuliza," akasema. "Lakini mi nilikuwa na moja tu, njo ile ilinitia woga." Alikuwa anafungua fundo la Mama Vero, taratibu, kwa mkono ule mzima. "Akiolewa kwenu, atakuja kuniona?"

Nilimwambia atakuja, nitamleta mimi mwenyewe, sasa njia naijua. Akaniambia niseme tena, nikasema tena, na fundo likafunguka, naye akasema ndiyo.